Madam Mawe Anatuachia Mawe Yake

Miaka ishirini na minane ameshika chaki. Madam Nereah Aluoch alianza kufundisha Januari 1970 kule Kawangware, na tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1997 atastaafu akiwa mwalimu wa Darasa la Saba katika shule yetu ya msingi ya Mto Safi, hapa Sarang'ombe, Kibera. Watoto wanamwita Madam Mawe. Hata wazazi tunamwita hivyo, na anaitika.

Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walimu walianza kutazamana. Huyu ana mitihani ya kusahihisha, yule ana kwaya. Mwalimu mkuu wetu, Bi. Kanini, akasema, "Si mumpatie Mama Nelima? Ndiye anashinda akisimulia hapo jikoni." Basi ndio mimi, Nasambu, mpishi wa shule hii, mama ya Nelima wa Darasa la Saba, yule aliyekuwa namba moja muhula huu na muhula uliopita. Mimi niliachia darasa la tano, lakini haya yote nimeyaandika kwa mkono wangu. Nelima amesaidia tu kuweka nukta mahali pake.

Madam Nereah alizaliwa Seme, karibu na Kisumu, mahali ambapo mawe makubwa kama nyumba yamepandana moja juu ya jingine. Anasema akiwa mdogo aliwasumbua watu wazima kwa swali moja: nani aliyabeba akayapanga hivyo? Kila mtu alimpa jibu lake na hakuna lililomtosha, kwa hivyo akaenda shule kulitafuta. Akasoma mpaka chuo cha ualimu, akaletwa Nairobi, akapanga chumba Kawangware, karibu na kituo cha basi la 46, na mpaka leo anakaa huko. Alihamishiwa kwetu mwaka wa 1978. Tangu hapo kila asubuhi anatembea kwa miguu kutoka Kawangware, anavuka Barabara ya Ngong, anateremka hadi kwetu akiwa na mkoba wa ngozi ambao ndani yake kuna vitu vinagongana.

Huo mkoba una hadithi yake. Kuna kijana aliwahi kumnyang'anya njiani akakimbia nao. Hakufika mbali. Aliuweka chini, akahema, akageuka akamuuliza, "Mathe, na hii ni nini umebeba?" Madam akamkaribia, akafungua mkoba, akatoa jiwe, akaanza kumweleza. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho, akamsaidia kuubeba mkoba hadi kwenye lango letu, akaenda zake. Mimi niliwaona kwa macho yangu wakija pamoja, nikadhani ni mpwa wake.

Alipofika kwetu ndipo alipoanzisha desturi yake. Kila Desemba shule ikifungwa, watoto wengi husafiri nyumbani na wazazi, huyu Maragoli, yule Homa Bay, mwingine Ukambani. Siku ya kufunga, Madam alisimama mbele yao akasema, "Mkirudi kutoka ushago, msiniletee kuku, msiniletee ndizi. Nileteeni jiwe. Moja moja, na uniambie umeliokota wapi." Wazazi walicheka, na sisi tuliokuja baadaye tukacheka vile vile. Kuna baba mmoja alikuja ofisini kuuliza kama mwalimu huyu alikuwa mzima kichwani. Lakini Januari ilipofika, watoto walikuja mifuko ya kaptura ikining'inia kwa uzito, na ile meza ndefu ya nyuma darasani ikaanza kujaa.

Wa kwanza kabisa kuleta alikuwa Mumbua, msichana mkimya ambaye wazazi wake walitoka Kibwezi. Alikuwa amelifunga kwa kitambaa kama yai. Lilikuwa jiwe jeusi, dogo kama ngumi, halina tundu hata moja, lakini ukilishika mkono wako unashuka. Mumbua hakufika Darasa la Saba. Homa ilimchukua mwaka uliofuata. Tangu hapo lile jiwe limekaa mwisho wa meza, upande wa dirisha, na ole wake mtu ambaye angelichukua kuzuia mlango usibamize.

Sasa niwaelezeni alichofundisha, kwa sababu mimi nimekielewa bila kulipiwa karo. Mawe haya Madam anayaita mawe ya moto. Anasema chini kabisa ya ardhi kuna joto la kuyeyusha mwamba ukawa kama uji mzito. Uji huo ukikwama huko chini, unapoa polepole, miaka kwa miaka, na punje zake zinapata nafasi ya kukua. Hayo ndiyo mawe ya kwao Seme na ya Maragoli, ambayo ukiangalia unaona madoa yake, ya waridi na meupe, bila miwani. Lakini uji huo ukipasua ardhi ukatoka nje kwa volkano, unakutana na baridi, unaganda haraka, na punje hazipati wakati. Ndiyo unapata jiwe kama la Mumbua, ambalo unaweza kulikodolea macho mpaka jioni na usione punje.

Siku aliyoamua kuwaonyesha watoto jambo hili alikuja jikoni kwangu na sukari yake mwenyewe. Ya shule hakugusa, hilo mlijue. Aliyeyusha sukari kwa maji kidogo kwenye sufuria mbili. Moja akaifunika, akaiacha pembeni ya jiko ipoe yenyewe, na baada ya siku kadhaa ilikuwa imeota punje kubwa zenye pembe. Nyingine aliichemsha zaidi, akaimwaga ikiwa moto kwenye sinia baridi, ikaganda pale pale kama kioo. "Sukari ni ile ile," akawaambia. "Kilichotofautiana ni haraka." Mimi nimepika miaka yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba jikoni kwangu kuna somo la GHC, ile jiografia yao. Watoto walikula somo lote, wakalamba na sinia.

Na rangi je? Anasema yale meupe yana vitu vingi vya jamii ya mchanga ule unaotengenezewa kioo, na kwa kawaida ni mepesi. Meusi yana chuma kwa wingi, ndiyo maana ni mazito. Lakini alikuwa anawaonya. Alikuwa anachukua jiwe la kioo la Naivasha, jeusi linalong'aa kama kiatu cha askari, anawapa walishike, na wanashangaa kwamba si zito kama walivyotarajia. Hata hili jiwe letu la Nairobi, la kijivu kinachokaribia weusi, linalochimbwa kila upande wa jiji hili, halifikii la Kibwezi kwa uzito. "Rangi inaweza kukudanganya," alizoea kusema. "Macho yakimaliza kazi yake, uliza mkono."

Halafu kuna jiwe la povu. Hilo ni ule uji wa moto uliojaa hewa ukafura kama uji wangu unavyofura nikigeuza kichwa kidogo, na povu lenyewe likagandia hapo hapo. Ni la kijivu cheupe, limejaa vitundu kama ndani ya mandazi, na ukiliweka kwenye karai la maji linaelea. La kwanza mtoto alilileta kutoka upande wa Longonot, na mengine madogo yakafuata. Mimi nililitamani tangu siku ya kwanza, maana hakuna kitu duniani kinachosugua kisigino kama hilo. Kila mwaka nilimwomba Madam hata kipande, na kila mwaka alinijibu, "Mama Nelima, hiyo ni kitabu. Utasugua miguu na kitabu?"

Matunda ya kazi yake mnayaona. Kuna waliopita mikononi mwake ambao leo ni wauguzi, madereva, mafundi wa visima, na mmoja anachora ramani serikalini. Alifundisha wanafunzi waliokaa wanne kwa dawati moja. Alifundisha chini ya mabati yaliyovuja, akiwa amevaa koti la mvua darasani. Mwaka huu muhula wa pili tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, hakutaka saa ya ukutani wala seti ya viti. Alisema anataka kukabidhi ile meza ikiwa kamili, kila jiwe mahali pake na la Mumbua dirishani, ili mwalimu atakayekuja asianze upya. Ni hilo tu. Na hilo tu ndilo tulilokaribia kulipoteza mwezi huu.

Mvua hii ya El Nino mnaijua. Kuta za Darasa la Saba zilikuwa zimeota ukungu, kamati ikaamua zipigwe rangi kabla ya sherehe, na mawe yakatolewa nje yakalundikwa kando ya ukuta. Hapo jirani, fundi Mukhwana na vijana wake walikuwa wanajenga darasa jipya. Msingi ulikuwa umesimama, umebaki kujazwa mawe ndani halafu konkriti imwagwe juu iwe sakafu. Lori la mawe likakwama kwenye matope kule juu barabarani. Jumamosi hiyo hakukuwa na mwalimu shuleni. Vijana wa Mukhwana wakaangalia huku na huku, wakaona lundo la mawe mazuri, yamekaa tu. Mawe yaliyokusanywa kwa miaka karibu ishirini, kutoka kila pembe ya Kenya, wakayatupa ndani ya msingi pamoja na yale machache ya kijivu waliyokuwa nayo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha kama imetumwa. Kati ya watu wa shule, mimi hufika wa kwanza kuwasha moto wa chai. Nikapita kando ya ule msingi na kuni zangu, nikaona umejaa maji kama bwawa, na juu ya maji kuna mkate unaelea. Nikasimama. Nikajiuliza ni nani huyu anatupa mkate mzima na maisha yalivyo. Nikauvuta kwa ukuni. Haukuwa mkate.

Kuni nilizitupa. Nikageuka nikaona vijana wameshaanza kuchanganya simiti na kokoto kwa koleo, na mwenzao mmoja anachota maji nje ya msingi kwa ndoo ili wamwage konkriti. Nilipiga nduru iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Mukhwana akaja mbio akidhani kuna mtu ameumia.

"Mukhwana, mmejaza nini humu?"

"Mawe, Mama Nelima. Kwani wewe ungejaza nini, mahindi?"

"Mawe ya nani?"

"Jiwe lina mwenyewe? Jiwe ni jiwe."

Nikamwekea lile la povu mkononi. "Haya, jiwe ni jiwe. Hebu nirudishie hili kwa maji tuone likizama." Alilirudisha. Likaelea. Akaliangalia, akaniangalia, akavua kofia. Mukhwana ni mtu wa kwetu Bungoma na namjua vizuri: akivua kofia, ameelewa.

Madam Nereah aliwasili akiwa na gambuti za mpira miguuni na mwavuli uliovunjika mbavu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia polepole, lakini aliona lile jiwe mkononi mwangu, akaona msingi, akaelewa bila kuambiwa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Na la Mumbua?"

Mukhwana alisema simiti iliyochanganywa haingoji mtu, ikianza kukaza imekwisha, lakini atatupa muda kadiri atakavyoweza. Akawaamuru vijana wake wamalize kuchota maji. Darasa la Saba lote likaingia msingini, wengine pekupeku. Rangi ilifanya kazi yake kwanza. Mawe ya Maragoli na Seme, yenye madoa ya waridi, yalionekana kati ya yale ya kijivu kama shanga. La kioo la Naivasha lilijitangaza kwa kung'aa. Ya povu yalikuwa yanazunguka juu ya maji yaliyobaki, watoto wakiyadaka wakicheka. Kila lililotoka lilipokelewa, likaoshwa, likapangwa kwenye gunia, na Madam akilitaja: "Hili ni la Billy. Hili la Risper, la mlima Elgon." Hakukosea.

Halafu rangi ikaisha. Yalibaki mawe meusi na ya kijivu, na jiwe likilowa maji, la kijivu nalo linakuwa jeusi. Yote yakafanana. Watoto wakaanza kuinua lolote: "Ni hili, Madam?" "Hapana." "Na hili?" "Hapana, mwanangu." Mukhwana akapiga koleo kwenye konkriti yake, akasema, "Madam, nisamehe, inaanza kuwa nzito." Nikamwona Madam anafunga macho. Nikafikiri, basi, watoto watakaa juu ya Mumbua miaka yote na hakuna atakayejua.

Hapo ndipo mtu wangu alipofanya jambo. Nelima alichukua jiwe moja la Nairobi la ukubwa wa ngumi, akalishika mkono wa kushoto. Akasema kwa wenzake, "Wacheni kuangalia! Chukueni kama hili, shikeni lingine kwa mkono ule mwingine. Likiwa sawa, tupa." Mvulana mmoja akamdhihaki, "Siz, sasa wewe ndiwe mizani?" Nelima akamjibu, "Ndiyo, na wewe ni gunia. Inama utafute." Wakainama wote. Mimi nilikuwa pale juu nikijua huyo ni wangu, nilimzaa mimi.

Mawe yakawa yanatupwa pembeni, moja baada ya jingine. Kisha Nelima akatulia kwenye kona, mikono miwili imenyooka mbele, na ule wa kulia ukashuka kidogo. Akabadilisha mawe mikono. Sasa wa kushoto ukashuka. Akasema, si kwa sauti, "Madam, hili linanivuta."

Madam aliingia msingini na gambuti zake. Alilichukua, akalifuta kwa upindo wa sketi, akalipima kiganjani. Kisha akakaa kwenye ukingo wa msingi, mwalimu wa miaka ishirini na minane, akacheka huku machozi yanashuka, akamvuta Nelima akamkumbatia na matope yake yote. Mukhwana akapiga makofi. Vijana wake wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini pale pale nilipokuwa, na siku hiyo chai ya shule ilichelewa na hakuna mwalimu hata mmoja aliyethubutu kuniuliza.

Konkriti ilimwagwa na sakafu ikatoka vizuri tu. Lakini Mukhwana hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alikuja Darasa la Saba bila kuitwa, akajenga rafu ya konkriti ukutani, ndefu kuliko ile meza, akailainisha kama kioo. Alipomaliza akamwambia Madam, "Hapa hakuna fundi atabeba tena. Akitaka mawe, abebe na ukuta." Mkiingia leo mtayaona yamepangwa, ya waridi huku, meusi kule, na la Mumbua upande wa dirisha. Ndiyo maana sisi leo hatulii sana. Tulishalia, tukamaliza, na sasa tunapumua.

Tunamshukuru Madam Nereah kwa watoto wetu. Tunamshukuru kwa mvua zote alizotembea ndani yake, na kwa kutusikiliza wazazi tulipomcheka bila kutulipiza. Mimi namshukuru kwa Nelima, ambaye sasa anasema atakuwa mtu wa kusoma miamba, na mtakumbuka kwamba niliwaambia. Pia namshukuru kwa jambo dogo. Juzi alikuja jikoni, akaniwekea mezani kipande cha jiwe la povu kilichokuwa kimemeguka kwenye ule msingi. Akasema, "Mama Nelima, hii kitabu umeisoma vya kutosha. Sasa sugua." Leo nimevaa ndala makusudi. Atakayetaka kuona visigino vyangu anikaribie wakati wa chakula.

Madam, rudi Seme ukae kwenye yale mawe ya utoto wako, na safari hii watoto wa kijiji wakikuuliza nani aliyapanga, una jibu la kuwapa. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na miguu isiyouma. Januari shule ikifunguliwa, rafu itakuwa inakungoja, na Darasa la Saba pia. Ukija kututembelea, usituletee kuku, usituletee ndizi. Unajua cha kuleta.